Barua kwa binti yangu: Enriquillo na watoro

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: mtu aliyewapinga Wahispania tangu 1519 hadi 1533, kisha akakubali mkataba wa kuwarudisha watumwa watoro wa Kiafrika, tumwite shujaa au msaliti?

Tuanze na alikotokea. Enriquillo alikuwa chifu wa Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hispaniola (leo Haiti na Jamhuri ya Dominika). Alilelewa na watawa Wafransisko, akajua kusoma na kuandika Kihispania. Mhispania aliyegawiwa watu wake wamfanyie kazi, Andrés de Valenzuela, alimpora farasi wake jike, kisha akataka kumnajisi mkewe, Mencía. Enriquillo hakushika mkuki, alikwenda kushtaki. Mkuu wa San Juan de la Maguana akamtia ndani. Alipotoka akaenda mahakama kuu ya Santo Domingo, nayo ikampa barua ya kumrudisha kwa mkuu yuleyule! Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko hata vitani.

Ndipo akapanda milima ya Bahoruco. Padri Bartolomé de las Casas, Mhispania aliyeandika historia ya enzi hizo, anasimulia kwamba majogoo wao walikatwa ndimi wasiwike na kuwafichulia adui maficho. Wahispania waliotekwa, mara nyingi aliwanyang'anya silaha akawaachia waende zao. Msafara baada ya msafara ulitumwa kumkamata, ukarudi mikono mitupu.

Lakini watu wake walikuwa wanakwisha. Migodi ya dhahabu iliwaua, na ndui iliyoingia mwishoni mwa 1518 ikamaliza wengi waliosalia. Mjumbe Francisco de Barrionuevo alipofika na barua ya Mfalme Carlos wa Hispania yenye msamaha na uhuru, Enriquillo aliipokea. Miaka miwili baadaye alifariki.

Kwa hiyo jibu langu ni shujaa, mwanangu, maana kabila lililobaki wachache vile halikuwa na muda wa kusubiri ushindi. Ila sharti lile la kuwarudisha watoro silitetei. Watoro walikimbilia milima ileile, na wapo waliopigana upande wake. Uhuru wa watu wake ulilipiwa kwa migongo yao. Mwafrika Sebastián Lemba aliendelea kupigana kisiwani humo hadi miaka ya 1540, naye angekujibu tofauti kabisa.

Mama yako amesoma barua hii akaguna. Yeye anasema msaliti, basi. Piga simu Jumapili mbishane, mimi nimeshachoka naye.

Baba yako