Niliinua mkono kanisani, kura nikampa mwingine

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Naandika usiku huu wa Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu, watoto wamelala, redio nimeipunguza sauti. Niliamka saa tisa usiku, nikajifunga leso mbili kwa baridi ya hapa Molo, na saa kumi nilikuwa kwenye foleni ya shule ya msingi. Mikono yangu imechakaa kwa kuchimba viazi. Mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, mpaka karani akaingiza nambari ya kitambulisho, picha yangu ikatokea. Nikapewa karatasi sita. Tano hazikunisumbua. Ile ya kijani, ya mbunge, ndiyo iliyonitoa jasho.

Jumapili mchungaji wetu alimwita mbele mbunge anayetetea kiti, akamwombea, kisha akasema kila atakayempigia kura ainue mkono, kwa kuwa asiyeinua anampa shetani kura yake. Niliinua. Kanisa zima liliinua. Mbunge huyo anasema ameokoka, na kwamba atapinga utoaji mimba na ndoa za jinsia moja. Hayo nami nayaamini kwa moyo wangu wote. Lakini binti yangu amekosa basari ya karo miaka miwili, hali watoto wa jamaa zake mbunge wanalipiwa. Orodha niliisoma mwenyewe, imebandikwa kwa chifu. Mpinzani wake sijui anasali wapi, ila akisema neno hulitimiza. Sijamsikia hata siku moja akitaja uhai wa mtoto aliye tumboni.

Nilisimama pale pa kuwekea alama mpaka karani akakohoa. Nikampa huyo wa pili.

Natumaini mbolea itashuka bei na watoto watasoma. Amani pia, maana Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulilala uwanjani baada ya kusikia kanisa la Kiambaa limechomwa watu wakiwa ndani. Lakini usingizi hauji. Je, nimemdanganya Mungu? Na sheria ya kutoa mimba ikipita bungeni, damu ya hao watoto itakuwa juu yangu?
Mama wa watoto wanne, Molo

JIBU: Asifiwe sana, mama. Barua yako ilinifikia wakati kule Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, walikuwa bado wanahesabu. Imenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Nianze na ule mkono, kwa sababu hapo ndipo ulipokosea na sitakuficha. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Wewe uliinua mkono kwa hofu, moyo ukiwa kwingine. Litubu hilo, liishe. Kura yenyewe haihitaji toba. Aliyedai ahadi hiyo alidai kisicho chake: Ibara ya 38 ya Katiba inakupa haki ya kupiga kura kwa siri, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumtisha mpiga kura. Mwaka 2021, Waanglikana na Wakatoliki walitangaza kwamba wanasiasa wasipewe tena mimbari. Wengine walinung'unika. Mimi nilishukuru, maana nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu na nimeona madhabahu ikigeuzwa jukwaa kwa bei ya mabati.

Sasa hofu yako ya damu. Hofu hiyo naijua. Mwaka 2010, kwenye kura ya maoni ya Katiba mpya, nilikuwa kambi ya La, ya waliokataa. Nilivaa fulana nyekundu na kupita nyumba kwa nyumba na Katiba mkononi, nikiwaonyesha watu Ibara ya 26, kifungu cha nne, kinachoruhusu mimba kutolewa ikiwa maisha au afya ya mama imo hatarini. Neno hilo "afya" lilinitisha na bado linanitisha. Tulishindwa vibaya: karibu asilimia 67 walisema Ndiyo. Usiku wa matokeo nililia mbele ya mke wangu.

Nilichokuwa sijakisoma, kwa haraka yangu ya kutafuta kosa, ni Ibara ya 255. Ibara ya 26 imo ndani ya Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayolinda haki za watu, na Sheria ya Haki haibadilishwi mpaka wananchi wenyewe wapige kura ya maoni. Na kifungu cha pili cha hiyo hiyo 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kwa hiyo mbunge mmoja, aliyeokoka au asiyeokoka, hawezi kuifuta hiyo peke yake.

Anachoweza ni kuunga mkono mswada, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Unakumbuka Mswada wa Afya ya Uzazi, ule uliopigiwa kelele mwaka 2020? Uliletwa katika Seneti na seneta wa kaunti yako hiyo hiyo ya Nakuru. Makanisa yaliupinga kwa maandishi na kwa sauti, na haukuwa sheria. Mswada ukija, Bunge linalazimika kuwasikiza wananchi, na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Mtu uliyemchagua akiapishwa, nenda ofisini kwake na akina mama wenzako, mumwambie mnavyoamini kuhusu mtoto aliye tumboni, mumwulize yeye anaamini nini. Hukumsikia akilitaja, lakini nawe hujasema kama kuna aliyemwuliza.

Yethro alipomshauri Musa kuhusu viongozi, katika Kutoka 18, alitaja kumcha Mungu, akataja ukweli, akataja pia kuchukia mali ya dhuluma. Mchungaji wako alishika la kwanza, tena kwa maneno ya mgombea mwenyewe. Wewe uliangalia orodha kwa chifu. Kumnyima mtoto wa maskini basari ni dhambi ile ile ambayo Amosi aliikemea, na mimi sijui tulianza lini kuihesabu kuwa ndogo.

Usihame kanisa kwa ajili ya hili. Jumapili rudi, ukae pale pale ulipozoea kukaa. Ibada ikiisha, mwombe mchungaji dakika tano, umwambie: "Niliinua mkono kwa kuogopa, nisamehe, sitauinua tena kwa jambo kama lile." Akikuuliza ulimpa nani, mwambie hiyo ni siri yako na Mungu, kisha umwulize kama kanisa linaweza kumsaidia binti yako karo ya muhula ujao.