Pesa kidogo, shoki mbili: majibu kwa wanaojenga baiskeli ya milima

Maswali mengi ya mwezi huu yametoka kwa watu walioanza na baiskeli ya shoki (kifaa cha kupunguza mtikisiko) ya mbele pekee, wakazizoea njia za msitu wa Karura, Nairobi, na sasa wanataka kushuka vilima vya Ngong au msitu wa Kereita bila kutikiswa hadi meno. Hamu wanayo na pesa wanazo kiasi, lakini wameshaambiwa mambo yanayopingana. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na chapa nitazitaja pale tu jina linapomsaidia mnunuzi kutafuta.

Nimeona dukani baiskeli mpya yenye springi nyuma, na bei yake haizidi ile ya shoki moja nzuri. Nichukue? — Msomaji, Donholm

Usichukue. Nasema kwa mkazo kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hupoteza akiba yao. Springi peke yake si shoki. Shoki halisi ina springi, ya chuma au ya hewa, pamoja na mafuta yanayopita kwenye matundu membamba ndani ya silinda. Springi hupokea pigo, na mafuta huizuia isikurushe inaporudi. Ikikosa mafuta, kila mzizi utakaoukanyaga utakurudishia pigo lile lile kwenye kiti.

Jipimie hapo hapo dukani: bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachie ghafla. Kikirudi juu mara moja tu kisha kikatulia, shoki ina mafuta. Kikicheza mara mbili tatu, weka pesa mfukoni. Kwa bei hiyo hiyo utapata baiskeli ya shoki moja yenye foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu, wenye shoki ndani yake) ya hewa na breki za mafuta, na itakupeleka mbali zaidi.

Nina laki moja na nusu. Ninunue mpya iliyokamilika, au nitafute fremu ya mtumba niijenge kidogo kidogo? — Msomaji, Kasarani

Kaka, kwa kiasi hicho mimi ningetafuta baiskeli iliyotumika ikiwa nzima, ya kampuni inayojulikana, yenye umri wa miaka 5 hadi 8, kisha nibakishe kama shilingi 30,000 za kuifufua. Mpya ya shoki mbili yenye sehemu za kuaminika mara nyingi huvuka bajeti yako ikishalipiwa usafiri na ushuru. Kujenga kipande kwa kipande nako hugharimu zaidi ya watu wanavyodhani, kwa kuwa kiwanda hununua foki kwa maelfu na wewe unanunua moja.

Kuna kanuni moja ninayomwomba kila mnunuzi aishike: pesa nyingi ziende kwenye vitu ambavyo ni vigumu kubadilisha baadaye. Fremu na shoki ya nyuma ndivyo vigumu kuliko vyote. Foki na magurudumu hufuata. Gia, pedeli, usukani na kiti utavibadilisha hata mwakani. Wauzaji hufanya kinyume: huning'iniza direla (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kati ya gia) ya bei juu kwenye fremu dhaifu, kwa sababu mnunuzi huangalia direla kwanza.

Ukiishika fremu mkononi, anza na ekseli ya nyuma. Upana wa 148 mm ndio wa baiskeli nyingi za milima za miaka ya karibuni. 142 mm bado unatumika. 135 mm yenye kibano cha haraka inakuambia kwamba fremu ni ya zamani na magurudumu mazuri yatakusumbua kuyapata. Magurudumu yawe inchi 29 au 27.5, matairi mazuri ya inchi 26 yanazidi kuadimika. Halafu pima shoki kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, na ujue pia inaingia milimita ngapi. Vipimo kama 210 kwa 55 ni vya kawaida na mbadala wake hupatikana. Kuna fremu zenye shoki ya kipimo cha pekee kilichotengenezwa kwa ajili yake tu, na hiyo ikifa fremu imebaki pambo la ukuta.

Tikisa mkono wa nyuma, ile sehemu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Ukicheza, beringi za egemeo, pale mkono huo unapojipinda, zimekwisha. Hilo lisikuogopeshe, ila liingie kwenye bei. Beringi hizo zina namba ubavuni, kwa mfano 6902, yaani tundu la mm 15, kipenyo cha nje mm 28 na unene mm 7. Namba hiyo hiyo utaiulizia kwenye maduka ya beringi na spea za magari ya Kirinyaga Road. Omba zenye mpira pande zote mbili. Beringi za egemeo zinazotoka kiwandani mara nyingi hujazwa gololi nyingi zaidi, kwa hiyo za kawaida zitachakaa mapema kidogo, lakini kwa bei yake zinafaa kabisa.

Mwisho, pitisha kitambaa laini kwenye viungio vyote vilivyochomelewa, hasa chini ya shingo ya fremu na kwenye egemeo kuu. Kikikwama kwenye mstari mwembamba, huenda ni ufa. Ondoka. Na anayeuza akishindwa kueleza baiskeli aliipata wapi, ondoka vile vile, maana baiskeli nzuri huibiwa sana jijini na mwenyewe anaitafuta.

Gia 12 ni lazima? Marafiki zangu wote wanazo, na napanda Kereita kila mwezi. — Msomaji, Kikuyu

Si lazima hata kidogo. Tupige hesabu. Mwenye sproketi (gurudumu la meno) ya mbele ya meno 30 na kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, inayofika meno 51 akiwa kwenye gia nyepesi kabisa, gurudumu lake huzunguka mara 0.588 kwa kila mzunguko wa pedeli. Wewe ukifunga sproketi ya meno 28 na kaseti ya gia 10 inayoishia 48, kama ile ya seti ya gia iitwayo microSHIFT Advent X, unapata 0.583. Mlima ule ule, wepesi ule ule. Utakachopoteza ni kasi ya mwisho: kwenye sproketi ya nyuma ya meno 11, ukizungusha pedeli mara 90 kwa dakika na gurudumu la inchi 29, utafika takriban kilomita 32 kwa saa. Msituni huhitaji zaidi ya hapo. Angalia tu kama krenki yako, ile mikono ya pedeli, inakubali sproketi ya 28, na ujue kwamba fremu nyingi za shoki mbili zilipimwa kwa 30 au 32, hivyo mwenendo wa shoki unapokanyaga kwa nguvu unaweza kubadilika kidogo.

Linalokula pesa zaidi ni habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kaseti hukaa juu ya kichwa cha habu, na vichwa hivyo viko vya aina tatu za kawaida: HG ya Shimano ya miaka mingi, XD ya SRAM, na Micro Spline ambayo Shimano waliileta 2018. Kaseti za Shimano za gia 12 zinazoanzia sproketi ya meno 10 zinataka Micro Spline, na zile za SRAM zinazoanzia 10 zinataka XD. Ukikuta kaseti nzuri ya bei poa na habu yako ni ya aina nyingine, umenunua chuma cha kuweka kabatini.

Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ya Nairobi ni kubaki na HG. Inabeba gia 8, 9, 10 na 11 za Shimano, inabeba Advent X, inabeba Cues ya Shimano iliyotoka 2023 yenye meno mazito yanayochelewa kuisha, na hata SRAM NX Eagle ya gia 12 inakaa juu yake. Siku kaseti ikiisha, utakuwa na nafasi nyingi za kupata nyingine. Shifta (kifaa cha usukani cha kubadilisha gia), direla na kaseti uvinunue vya familia moja, kwa sababu kila familia huvuta waya kwa kipimo chake.

Udongo mwekundu wa kwetu ukichanganyika na mafuta ya mnyororo husaga kila kitu. Nunua kipimo cha mnyororo. Kwa gia 11 na 12 badilisha mnyororo ukirefuka asilimia 0.5, kwa gia chache zaidi asilimia 0.75. Mnyororo ni bei nafuu na kaseti ni ghali. Aliyechelewesha mnyororo hununua vyote viwili.

Nina pesa za kuboresha kitu kimoja tu, foki au shoki ya nyuma. — Msomaji, South B

Foki. Ndiyo inayoongoza, na gurudumu la mbele likiteleza huna pa kujishika. Tafuta ya hewa yenye mirija ya mm 34 au 35, kwa sababu ya mm 32 hujipinda ukishuka kwa kasi kwenye mawe. Shingo ya fremu iwe ile inayopanuka kuelekea chini, na urefu wa safari ya foki, yaani kiasi inachoweza kuingia, usizidi ule uliopangiwa fremu kwa zaidi ya milimita 10.

Lakini kabla hujanunua chochote, ulizia huduma. Watengenezaji wa foki RockShox, kwa mfano, hutaka miguu ya chini ya foki ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Ukiendesha saa 4 kila wikendi, hiyo ni miezi 3 tu. Foki nyingi za mtumba zinazosemwa zimekufa zimekauka mafuta na sili (mipira inayozuia mafuta kutoka) zimejaa vumbi. Seti ya sili na saa mbili za fundi anayejua kazi zinazirudisha. Kwa hiyo mwulize fundi wako ni foki zipi anazifungua na sili za zipi anazipata, halafu ndipo uchague. Foki ya kawaida inayohudumiwa itakupa raha kuliko ile ya bei juu isiyoguswa miaka miwili.

Nunua pia pampu ndogo ya shoki, kwa kuwa pampu ya tairi haifikii presha yake. Simama juu ya baiskeli ukiwa na mavazi na maji yako yote, uone shoki imeshuka kiasi gani. Nyuma lenga asilimia 25 hadi 30: shoki inayoingia mm 55 ishuke kama mm 15. Mbele asilimia 20 inatosha. Nimeona watu wakitaka kuuza baiskeli nzuri kwa kukosa marekebisho haya ya dakika 10.

Nina kilo 98 na nikishuka Ngong breki zinapoteza nguvu. Ninunue seti mpya? — Msomaji, Rongai

Anza na diski za breki. Kutoka 160 mm hadi 203 mm unaongeza nguvu ya kusimamisha kwa takriban asilimia 27, na diski kubwa hupoa upesi. Thibitisha kwanza kwamba foki yako inaruhusu 203, weka adapta yake, nyuma weka 180. Isome diski kabla hujalipa: za bei ya chini huandikwa RESIN PAD ONLY, na ukizifunga na pedi za chuma utazila haraka.

Zikishindwa bado, nenda kwa breki za pistoni nne. Shimano MT420 au Deore M6120 zinatosha kwa uzito wako. Na tafadhali sana, breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya gari yataharibu sili zake, hata fundi akikuhakikishia kwamba yote ni mafuta. Breki nyingi za SRAM nazo zinataka DOT, yale ya aina ya gari. Usichanganye kamwe.

Binti yangu ana miaka 15 na kilo 48. Anaomba ya shoki mbili kama ya kaka yake. — Mzazi, Kahawa Sukari

Mama, ningemtafutia kwanza nyepesi ya shoki moja, yenye foki ya hewa. Foki ya springi ya chuma hupangwa kwa mtu mzima wa uzito wa wastani. Kwa kilo 48 itakaa ngumu, na mikono yake ndiyo itakayoumia. Ya hewa unapunguza presha mpaka imfuate. Kila kilo pia anaihisi zaidi kuliko kaka yake anapopanda. Lakini kama ameshaanza kushindana au anashuka njia za mawe kila wiki, ombi lake ni la haki kabisa: mpe ya shoki mbili, na zote mbili ziwe za hewa.

Matairi gani ya Lukenya na Hell's Gate? Miiba inanimaliza. — Msomaji, Athi River

Ondoa tyubu. Funga tairi na rimu zinazokubali kukaa bila tyubu, mimina dawa ya kuziba, na mwiba wa mgunga utaacha tundu linalojiziba huku unaendelea. Dawa hukauka kwa joto, basi ichungulie kila miezi 2. Upana wa inchi 2.4 unafaa, wenye ubavu ulioimarishwa kwa ajili ya mawe. Kwa mtu wa kilo 75 anza na presha ya psi 22 mbele na 25 nyuma, kisha urekebishe. Ukiendesha pia Karura wakati wa mvua ya Aprili, mbele weka tairi lenye meno yaliyoachana, matope yapate pa kutokea.

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe ni anasa? — Msomaji, Umoja

Si anasa, ila inaweza kusubiri mwaka mmoja. Kwa sasa kishushe kiti kwa mkono kabla ya mteremko. Siku ukiwa tayari, soma kipimo kilichochongwa kwenye nguzo uliyo nayo: mm 30.9 na 31.6 zinakaribiana sana kwa macho, lakini ya 31.6 haiingii kwenye fremu ya 30.9, na ya 30.9 hulegea kwenye fremu ya 31.6.

Spea gani moja niwe nayo siku zote? — Msomaji, Ruaka

Kikono cha alumini kinachoshika direla kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kukatika kabla ya fremu kuumia, na karibu kila fremu ina umbo lake, isipokuwa zile zinazotumia kile cha pamoja cha SRAM kiitwacho UDH. Kiagize siku ile ile unaponunua baiskeli, viwili, maana kikikatika ukiwa nacho nyumbani utarudi njiani kesho yake, na usipokuwa nacho utangoja wiki kadhaa kifike kutoka ng'ambo.