Maswali yenu: nyimbo za bure na kampuni za rekodi

Swali: Shikamoo. Hiyo Napster inayotajwa kila mara ilikuwa inafanyaje kazi, na ilifungwa kwa nini? (Msomaji, Mwanga)

Marahaba. Fikiria mtu amekaa mwalo wa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, na daftari. Hana hata kisado kimoja cha dagaa, ila anajua kila mtumbwi umeleta nini, na ukimuuliza anakuelekeza. Napster, programu ya mtandaoni aliyoianzisha Mmarekani Shawn Fanning mwaka 1999 akiwa na miaka 18, ilikuwa daftari hilo. Nyimbo zilibaki kwenye kompyuta za watu, wakapeana wenyewe kwa wenyewe. Kampuni za rekodi za Marekani zikaishtaki Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa nyimbo zao ziligawiwa bila idhini, na Julai 2001 huduma ikazimwa. Lakini watu walishaonja. Zikaja programu nyingine kama Kazaa na LimeWire, ambazo hazikutegemea daftari moja, na kuzizima kukawa kazi ngumu zaidi.

Swali: Ni kweli wizi huo wa nyimbo mtandaoni ndio ulioua mauzo? (Gungu)

Wizi uliziumiza sana CD, silipingi hilo. Marekani, mauzo ya muziki yaliyokuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999 yalishuka hadi bilioni 6.7 mwaka 2014. Lakini lawama tuigawe. Mtu alipenda wimbo mmoja, akalazimika kununua CD nzima. Badala ya kumuuzia huo mmoja mapema, kuanzia 2003 kampuni zikawashtaki maelfu ya wasikilizaji, wanafunzi wakiwemo. Mwaka huohuo Apple ikafungua duka la iTunes, wimbo senti 99, na watu wakanunua.

Swali: Kaka, mimi naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wateja wangu wengi ni wavuvi, ziwani usiku hawapati mtandao. Nina kosa? (Ujiji)

Kisheria unalo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hairuhusu kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila idhini yake. Waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakueleze utaratibu.

Wavuvi wako nawaelewa, nami pia nimejaziwa flashi hapahapa mjini. Juzi nikiisikiliza ukapita wimbo wa dansi wa zamani, gitaa la solo likanifanya niweke kikombe chini. Nikatazama jina: "Track 07". Hakuna bendi, hakuna mwimbaji, hakuna mpiga gitaa. Nikarudi kibandani kuuliza, hawamjui. Pesa yangu haikumfikia yule mpiga gitaa, na sasa hata jina lake halinifikii mimi. Hilo linaniuma kuliko hasara ya kampuni yoyote. Ndugu yangu, wakati unafuatilia kibali, andika majina. Yote.

Swali: Mwanangu ameanza kurekodi. Nyimbo azitoe bure? (Mama, Katonga)

Mama, asikilizwe kwanza. Azipandishe YouTube na Boomplay, japo malipo ya kila anayesikiliza ni madogo mno na pesa ya kula ataitafuta jukwaani. Ila kabla wimbo haujatoka studio, ausajili COSOTA, na kwenye faili liandikwe jina lake, la prodyuza na la aliyepiga kinanda.