Mnyonya damu anayetembea mchana: kagua rangi kwanza

Habari za Moshi, ndugu. Umeuliza kwa nini katika nakala yako ya Nosferatu, filamu bubu ya Ujerumani ya mwaka 1922, Orlok, yule mnyonya damu, anapita mjini mchana kweupe akiwa na jeneza kwapani ilhali mwishoni mwanga wa jua ndio unaomuua, na kwa nini watu wote wanakwenda mbiombio.

Anza na rangi. Murnau, mwongozaji wa filamu hiyo, alipiga picha nyingi za usiku mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya bluu ili mtazamaji ajue kwamba ni usiku. Nakala yako ikiwa nyeusi na nyeupe tupu, usiku wote umegeuka mchana. Mimi niliponunua diski ya namna hiyo hapa Arusha, mpwa wangu alicheka hadi akamwaga chai, na sikuwa na la kumjibu.

Kisha tazama muda wa nakala yako. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu (picha moja moja za filamu) pungufu ya 24 kwa sekunde, hivyo zikichezwa kwa 24 watu huruka kama kuku waliotishwa. Filamu ya saa moja na nusu kwa fremu 18, ikichezwa kwa 24, hushuka hadi dakika 68 hivi. Kama kichezeshi chako kinaruhusu, punguza mwendo hadi asilimia 75 na uzime muziki, ambao mara nyingi umebandikwa ovyo tu.

Rangi, hata hivyo, huwezi kuirudisha kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo tafuta nakala iliyokarabatiwa.