Micro Four Thirds imekufa? Jibu kwa mpiga picha wa Wete

Swali: Assalamu alaykum fundi. Napiga picha za harusi hapa Wete, na mara mojamoja hoteli za upande wa Makangale huniita. Nina Olympus E-M1 Mark II, lenzi ya 12-40mm f/2.8 na 45mm f/1.8. Kijana mmoja anayeuza kamera kwenye kundi la WhatsApp ananiambia Olympus ilifilisika na Micro Four Thirds, mfumo wa kamera na lenzi zangu, imekufa, niuze kabla vitu havijakosa bei. Yuko tayari kuvichukua vyote, nimuongezee pesa, anipe bodi moja (kamera bila lenzi) ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Je, mfumo huu una maisha, au nimkubalie?

Jibu: Waalaykum salaam. Usimkubalie.

Olympus haikufilisika. Mwaka 2020 ilitangaza kuuza kitengo chake cha kamera, na tarehe 1 Januari 2021 kitengo hicho kikawa kampuni nyingine, OM Digital Solutions. Olympus yenyewe ipo, inatengeneza vifaa vya hospitali. Tangu hapo zimetoka OM-1 (2022), OM-1 Mark II (2024) na OM-3 (2025), na Panasonic, mwenza wake tangu mfumo ulipotangazwa mwaka 2008, imetoa GH6, G9 II na GH7. Zote hizo zinapokea lenzi zako mbili kama zilivyo. Soko lake ni dogo na litabaki dogo. Bodi mpya zitatoka moja moja, na Panasonic nayo inauza fulu fremu pembeni. Lakini dogo na maiti ni vitu viwili, na anayevichanganya mara nyingi ana mzigo wa kuuza.

Linaloudhi zaidi ni imani kwamba mfumo ukikosa bodi mpya, kamera iliyo mkononi nayo imekwisha. Swali hili linarudi kila msimu wa harusi, na kila mara wapo waliokwisha kuuza. Kamera haisomi habari za soko. Shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, ya E-M1 Mark II imepimwa kwa mapigo 200,000. Kama yako imefika 60,000, kiwandani wakifunga milango kesho bado una harusi nyingi mbele yako. Kinachomfungia mwenye kamera kazi ni betri kutopatikana, lenzi kutopatikana, au fundi kukosa kipuri. Pima hivyo vitatu, uache uvumi.

Angalia mifumo iliyokufa kweli. Nikon 1 ilianza 2011, ikafungwa 2018. Canon EF-M ilianza 2012, ikaondolewa 2023. Yote miwili ilitegemea kampuni moja kwa bodi, na lenzi zake zilikuwa chache. Waliokuwa na EF-M hawakuweza hata kuzihamishia lenzi zao RF, mlango mpya wa Canon wa kufungia lenzi: lenzi ya EF-M imetengenezwa ikae milimita 18 kutoka kwenye sensa, na RF ni milimita 20, kwa hiyo adapta haina pa kukaa. Micro Four Thirds ina bodi za kampuni zaidi ya mbili, maana hata Blackmagic walitoa kamera ya video ya mlango huo mwaka 2018, na lenzi zake zilizotumika zimejaa sokoni.

Na hiyo fulu fremu unayoambiwa ni salama, nayo haina dhamana. Sony A-mount, mfumo wa zamani wa Sony, ilikuwa na bodi za fulu fremu, tena lenzi zake zina asili ya Minolta ya mwaka 1985. Sony waliiondoa sokoni 2021. Ukubwa wa sensa haukuiokoa.

Sasa tuingie ukumbini, maana huko ndiko kijana wako atakakokushika. Ni kweli sensa ya fulu fremu ina eneo la karibu mara nne ya yako, milimita 36 kwa 24 dhidi ya 17.3 kwa 13. Faida yake ni kama stopu mbili za chengachenga, zile punje zinazoonekana kwenye picha za gizani (stopu moja ni mwanga mara mbili). Lakini yeye anakupa bodi tupu. Pesa ikiwa imekwisha, utaifunga lenzi ya bei ndogo ambayo ukivuta karibu inaishia f/5.6, na namba ya f ikikua, mwanga unaoingia hupungua. Kutoka f/1.8 ya lenzi yako ya 45mm hadi f/5.6 unapoteza stopu tatu na theluthi. Umepata mbili, umetoa tatu na zaidi, na umelipa juu yake! Huo ndio udhaifu wa mabadilishano ya bodi kwa bodi: lenzi haihesabiwi, na lenzi ndiyo inayoleta mwanga.

Kwa ukumbi wenye taa hafifu, weka 1/125 ya sekunde, f/1.8, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 hadi 3200, upige RAW, yaani faili ghafi. Flashi ielekeze kwenye dari nyeupe. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya rangi, mwanga utarudi na rangi hiyo usoni kwa bibi harusi, basi geukia ukuta mweupe wa pembeni. Ukitaka kuongeza kifaa kimoja mwaka huu, tafuta 17mm f/1.8 au 25mm f/1.8 iliyotumika. Kwa kazi yako itakufaa kuliko bodi mpya.

Kwa betri, yako ni BLH-1. Nunua mbili halisi sasa, usingoje ziadimike. Za bandia zinazoandikwa uwezo mkubwa kuliko asili ya 1720 mAh ziache. Hudanganya kipimo cha chaji na kuzima katikati ya hafla, na zikivimba hukwama ndani ya bodi, ukaanza kuzichokonoa kwa bisibisi.

Kitakachoiua kamera yako Pemba ni kuvu na chumvi, wala si tangazo la Japani. Unyevu ukipita asilimia 60 kwa siku nyingi, kuvu huota ndani ya lenzi, na begi lililofungwa kabatini wakati wa masika ndilo shamba lake. Tafuta boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, kipimo cha unyevu na silika jeli (punje za kunyonya unyevu), ukae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Ukitoka chumba chenye AC kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kwanza, la sivyo umande utaganda kwenye kioo. Baada ya kupiga ufukweni, futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Mchele usiutumie kamwe. Haukaushi lenzi, na unga wake huingia kwenye pete za kuzungusha. Wako pia wanaojiita mafundi wanaosafisha kuvu kwa petroli, au kuianika lenzi juani siku nzima. Petroli hula gundi na plastiki, jua huyeyusha grisi ikatambaa hadi kwenye bapa za tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi, na kuvu likishakula rangi ya juu ya kioo, hakuna dawa ya kuirudisha. Lenzi ifunguliwe na fundi mwenye vifaa vyake, mapema, alama zikiwa bado nyuzi chache pembeni.

Yeyote anayekwambia uuze leo kabla ya kesho, muulize atazipeleka wapi hizo lenzi ulizoambiwa hazina thamani. Atazipandisha kwenye kundi lilelile kwa bei ya lenzi nzima.

Ikifika siku ya kuhama kweli, kwa sababu kazi imekutaka na si kwa sababu umetishwa, anza kwa kununua lenzi ya mfumo mpya, halafu bodi, na cha zamani kiuze mwisho. Bodi iliyotumika uijaribu kabla ya kutoa pesa: piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, na mulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma, kwa pembe, utafute nyuzi kama za buibui. Ukiziona, mrudishie.