Kuhusu Hizo Kapsuli Zako, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma taratibu. Unasema daktari amekuanzishia atomoksetini kwa ajili ya ADHD, ile hali ya ubongo inayovuruga umakini, wiki ya tatu sasa inakwenda, na hujaona kitu isipokuwa kichefuchefu na mdomo kukauka. Unauliza kama dawa hii ni salama, na kama unaweza kumeza mbili kwa siku ili ifanye kazi upesi.

La pili nalijibu kwanza: usimeze mbili.

Najua mwenzako anayetumia methilfenideti akimeza asubuhi, haupiti muda ametulia kwenye kazi yake. Dawa yake ni kichangamshi, na vichangamshi huonyesha kazi siku ileile. Yako si ya ukoo huo. Inazuia noradrenalini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, isirudishwe haraka ndani ya seli hizo, na ubongo unahitaji muda kuizoea hali hiyo. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya mwezi wa kwanza, na nguvu yenyewe hasa hukomaa kati ya wiki ya 4 na ya 8, wengine hata zaidi. Kwa hiyo wiki ya tatu bado ni mapema mno kusema imeshindwa. Dozi nayo hupandishwa kwa hatua. Mtu mzima kwa kawaida huanzia miligramu 40, hupelekwa 80, na kikomo ni 100 kwa siku. Anayepandisha ni daktari, akishaangalia presha na mapigo ya moyo. Ukijiongezea mwenyewe, kitakachopanda haraka ni hayo mapigo na presha, wala umakini hautakuja mapema.

Kichefuchefu kinasumbua wengi mwanzoni, kisha hupungua. Meza baada ya kula, si tumbo tupu. Mdomo mkavu ni maji ya kunywa mara kwa mara. Na kwa kuwa sote ni wanaume, hili naliandika bila kuzunguka: dawa hii inaweza kufanya mkojo usite kutoka, na inaweza kupunguza nguvu za kiume. Ikikutokea, mwambie daktari. Miaka yote niliyokaa kwenye dirisha la dawa nimeona vijana wakiacha matibabu kimyakimya kwa sababu ya aibu hiyo, wakati ni jambo la kuzungumza na kurekebisha dozi.

Kapsuli imeze nzima, na maji. Nilipokuwa kazini alikuja mtu jicho limevimba, jekundu, linatiririka machozi. Alikuwa ameipasua kapsuli akimimina unga kwenye kijiko, kisha akajifuta uso. Unga huo unawasha macho vibaya sana. Ukikugusa jicho, lioshe kwa maji mengi papo hapo, kisha ukaonwe.

Sasa linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa nyingine unazotumia. Una pumu tangu utotoni. Salbutamoli, hasa ya vidonge, ya sindano au ile ya mashine kwa wingi, ikikutana na atomoksetini inaweza kuuendesha moyo mbio. Pampu yako usiiache hata kidogo, ila hakikisha daktari anajua unayo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nazo hupandisha presha, kwa hiyo muulize mfamasia kabla hujanunua. Dawa za sonona kama fluoksetini na paroksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja dawa yako, ikajaa mwilini kana kwamba umezidishiwa dozi. Na zile za sonona za aina ya zamani zinazozuia MAO, kimeng'enya kinachovunja kemikali za ubongo kama noradrenalini, hazichanganywi nayo kabisa; lazima zipite siku 14 kati ya moja na nyingine.

Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi, mwili kuwasha, au maumivu chini ya mbavu za kulia, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo, maana ini linaweza kudhurika, ingawa ni nadra. Kifua kikibana au ukizimia, vivyo hivyo, usisubiri. Tena, mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza atomoksetini iwekewe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wadogo. Wewe umeshapita umri huo, lakini moyo ukianza kukuzamia gizani, au mkeo akikwambia umebadilika, nipigie simu saa yoyote, hata usiku wa manane, na daktari ajue.

Kusahau ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo usijilaumu. Nunua kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki, ili ukisita uone kama cha leo kimeshatoka. Ukikumbuka mchana, meza mchana. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho tu, usifidie.

Kama hatimaye itaonekana haikufai, wapo wanaobadilishiwa guanfasini au klonidini. Hizo haziachwi ghafla, presha hupanda kwa kishindo. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Ukienda kliniki, beba orodha ya kila unachomeza, pampu na dawa za miti shamba zikiwemo. Kisha uniandikie presha ilisomaje.

Baba yako