Senti moja ikiondolewa, mashine ya dukani inahesabu vipi?

Swali: Nna duka la vyombo hapa Kongowea, Mombasa. Mpwa wangu ni keshia Toronto, asema Kanada walishaiondoa sarafu ya senti moja lakini bei bado ni 0.98, 4.97 na mengineyo. Sasa mteja alipa vipi, na ile tofauti ala nani? Mashine yangu pia hunitolea jumla yenye sumuni (senti hamsini) na sumuni zenyewe sizioni.

Jibu: Ndugu yangu, mpwa wako hajakosea. Kanada waliacha kuitengeneza Mei 2012, maana kuipiga moja ilikuwa yagharimu senti 1.6, na Februari 4, 2013 wakaacha kuisambaza. Lakini bei hazikuguswa, kinachoraundiwa, yaani kusogezwa hadi senti tano iliyo karibu, ni jumla ya mwisho, baada ya kodi, na ni kwa anayelipa cash peke yake, wa kadi akatwa mpaka senti ya mwisho. Ikiishia 1 au 2 yashuka hadi 0, 3 na 4 zapanda hadi 5, 6 na 7 zashuka hadi 5, 8 na 9 zapanda hadi 10. Nne zashuka, nne zapanda, kwa hivyo kwa risiti nyingi hakuna anayekula sana.

Balaa huwa ni pale fundi wa mashine akiweka raundi kwa kila kitu badala ya mwisho. Chukua vitu vitatu vya 0.98: ni 2.94, kodi ya Ontario (mkoa iliko Toronto) asilimia 13 ni 0.38, jumla 3.32, mteja wa cash atoa 3.30. Sasa raundi kila kimoja kiwe 1.00, wapata 3.00, na kodi ni 3.39, alipa 3.40! Senti kumi zimetoka mfukoni mwake na hata kodi yenyewe imeharibika.

Kitu cha pili ni droo ya pesa. Mauzo yasema 3.32, droo ina 3.30, na kama hakuna akaunti ya raundi pembeni basi kila jioni hesabu haifungi na keshia maskini ndo aangaliwa kwa jicho baya. Ile 0.02 iandikwe mstari wake kwenye risiti, chini ya jumla, kodi isiguswe.

Kwako wewe mambo ni tofauti kidogo, maana sumuni iko katikati barabara, 347.50 haina upande wa karibu, na mashine nyingi hupandisha nusu zenyewe, yaani kila mara ni mteja aumia. Mimi huwaambia wenye duka washushe, 347 basi, hasara ni ndogo na maneno hayapo. Ama ukitaka kumaliza kabisa panga bei zako ziwe shilingi nzima kodi ikiwa ndani, japo vya kupima kwa kilo vitakusumbua tu.

Aliyekufungia mashine mwambie akutolee risiti mbili za 347.50, moja ya cash moja ya kadi, uone ule mstari wa raundi umetokea kwenye ya cash pekee.